Barua ya wazi kwa vikundi vinavyotembelea wazee

Wanangu,

Marahaba kwa wote. Nawaandikia ninyi mliojiunga kwenye vikundi vya kuwatembelea wazee majumbani, mnaotoa mchana mmoja au miwili ya wiki zenu bila malipo. Mmeshika kazi njema, na kwa kuwa ni njema sipendi iharibike kwa mambo ambayo yangerekebishwa mapema. Vikundi vingi huanza kwa kishindo: watu wengi, fulana zinazofanana, mifuko ya zawadi, picha mlangoni. Baada ya miezi michache wamebaki wachache, na mzee aliyeanza kuzoea kusikia hodi amerudia ukimya wake. Afadhali asingezoeshwa.

Basi kubwa ninalowaomba ni hili: kila mzee awe na mtu wake, anayekuja siku ileile, saa ileile. Mkiwa 12 msichukue wazee 40. Chukueni 8, ili watu 4 wabaki akiba wa kushika zamu mwenzao akiugua au akisafiri. Daktari humwona mzee mara moja kwa muda mrefu na hajui wiki iliyopita alikuwaje. Wewe unayekwenda kila Jumanne saa 10 jioni utajua. Utajua kwamba juzi alikuja mwenyewe kukufungulia mlango, na leo amekuita uingie akiwa amekaa. Utaona vifungo vya shati vimefungwa kombo. Utaona mkanda wa suruali umesogea matundu mawili ndani, na ncha yake inaning'inia.

Hayo yaandikwe. Daftari moja kwa kila mzee, likae nyumbani kwake kwa ridhaa yake, ili ndugu na mhudumu wa afya nao walisome. Mistari 4 inatosha: ametembeaje, amekula na kunywa nini tangu asubuhi, dawa, na jambo jipya. "Anaendelea vizuri" ni maneno yasiyo na kazi, msiyaandike. Andikeni hivi: "Amejisukuma kwa mikono kutoka kitini, mara ya pili ndipo akasimama." Sentensi ya namna hiyo ikilinganishwa na ya mwezi uliopita, mtu hupata pa kuanzia. Siri za nyumba hazina nafasi humo.

Ule mkanda niliousema si jambo dogo. Mzee akipungua asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, yaani aliyekuwa na kilo 60 akafika 57, anahitaji kuchunguzwa. Chanzo chaweza kuwa jino bovu, meno ya bandia yanayocheza, dawa inayokata hamu, huzuni, shida ya kumeza, au maradhi yaliyojificha. Pengine ni upweke tu, maana kujipikia mtu mmoja huchosha. Kumpelekea chakula zaidi kabla ya kujua chanzo ni kujaza gunia lililotoboka.

Sasa nije kwenye kuanguka, na hapa nitakaa kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na walio wengi kati yao wamepita miaka 60. Wengine huponea lakini hawatembei tena kama zamani. Mahali pa kuanzia ni ile njia ya usiku, kutoka kitandani hadi chooni. Mwombeni ruhusa mzee muipite naye, hatua kwa hatua, taa ikiwa kama inavyokuwa usiku. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takribani theluthi tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la kijana wa miaka 20, kwa hiyo palipo na mwanga wa kutosha kwenu kwake ni giza. Je, taa au tochi anaifikia kabla hajasimama? Kuna waya sakafuni, mkeka uliokunjika pembe, kizingiti kisichoonekana? Viatu vyake vina kisigino cha kushika mguu, au ni ndala zilizolegea? Na chooni anashika nini anapoinuka? Wengi hushika chuma cha kutundikia taulo, nacho hufungwa kwa skrubu ndogo, hung'oka siku atakapokitegemea kwa uzito wake wote. Kishikio cha kweli hufungwa na fundi kwenye ukuta imara, kwa boliti, na hujaribiwa na mtu mzima mwenye mwili kabla mzee hajakigusa.

Kuna kuanguka kunakotoka ndani ya mwili. Mtu akisimama ghafla, presha yaweza kushuka na macho yakaingia giza. Wataalamu huhesabu kuwa ni tatizo pale namba ya juu ya presha inaposhuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama. Dawa za kushusha presha, za kukojoza na baadhi ya dawa za usingizi huchangia, na upungufu wa maji huzidisha. Mfundisheni aketi ukingoni mwa kitanda dakika 1 au 2, achezeshe vifundo vya miguu mara 10, asimame akiwa ameshika kitu imara, atulie, ndipo atembee. Kisha mwombeni mhudumu wa afya ampime presha akiwa amelala na tena akiwa amesimama. Msimwambie aache dawa. Hilo ni la aliyemwandikia.

Kipimo cha mwendo mnaweza kukifanya wenyewe. Wekeni kiti chenye mgongo, pimeni mita 3, wekeni alama. Mzee asimame kitini, atembee kwa mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, ageuke, arudi, aketi. Akitembea kwa fimbo, aishike. Mmoja wenu awe pembeni yake muda wote, mwingine ahesabu. Ikifika sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka na aonwe na mtaalamu. Rudieni kila baada ya miezi 3, mwandike sekunde daftarini.

Halafu fimbo. Inanisikitisha kuona fimbo zimegawiwa zote urefu mmoja, kana kwamba wazee wametoka kiwandani. Fimbo hupimwa mwilini. Mzee avae viatu vyake vya kila siku, asimame wima kadiri awezavyo, mikono aiache ining'inie. Mpini uje sawasawa na mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Akiushika, kiwiko kipinde kidogo. Ikizidi urefu, bega hupanda na fimbo haibebi kitu. Ikipungua, huinama na mgongo huuma. Tena hushikwa upande ulio kinyume na mguu mbovu: goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, na vyote viwili, fimbo na mguu unaouma, vitangulie pamoja. Watu huona ajabu, lakini ndivyo uzito unavyogawanyika. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia fimbo na mguu mbovu. Na pindueni fimbo mwangalie kipira cha chini. Mistari yake ikishakuwa laini, kibadilisheni siku hiyo, kwa sababu kwenye sakafu yenye maji kitateleza kama sabuni.

Mkimkuta ameanguka, msimvute kwa mikono. Bega la mzee huchomoka upesi, na kama nyonga imevunjika mtaongeza madhara. Chuchumaeni, ongeeni naye, muulizeni wapi panauma. Mguu mmoja ukiwa umefupika kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, ni dalili ya nyonga kuvunjika: mfunikeni apate joto, msimpe chakula wala kinywaji, itafuteni gari ya wagonjwa. Akiwa amegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aende hospitali hata kama anacheka. Ikiwa hana maumivu na ana nguvu, mwacheni ainuke mwenyewe kwa maelekezo yenu: alale ubavu, apige magoti akitegemea mikono, aletewe kiti kigumu mbele, aweke mikono juu yake, atangulize mguu wenye nguvu, ainuke, nanyi msogeze kiti cha pili nyuma yake akalie. Jambo jingine la kuuliza ni amekaa chini muda gani. Kulala sakafuni zaidi ya saa moja kuna madhara yake, kwa misuli, kwa figo na kwa ngozi, hata pasipo mfupa uliovunjika. Ndiyo maana mzee anayeishi peke yake apewe filimbi au simu ya kuning'iniza shingoni, na awe na jirani wa kumbishia hodi kila asubuhi.

Liko neno moja ambalo ningependa litoweke vinywani mwenu: "Uzee huo." Limezika watu. Kusahau kunakoletwa na maradhi ya ubongo huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa na akili timamu Jumanne, na Ijumaa hajui yuko wapi, anaona watu wasiokuwepo, au amekuwa mzito, analala mchana kutwa na hataki kula, huyo ni mgonjwa wa leo. Yaweza kuwa maambukizi ya mapafu au ya mkojo, upungufu wa maji, dawa mpya, choo kilichofunga siku nyingi, mkojo uliozuiliwa. Wazee wengi hawapati homa kali wakiambukizwa, na kiu yao hufifia, kwa hiyo msisubiri mwili uchemke wala aombe maji. Apelekwe siku hiyohiyo, na anayempeleka aseme waziwazi: "Hakuwa hivi. Yameanza tangu siku fulani." Anayelala kimya ndiye husahaulika, kwa sababu hamsumbui mtu.

Uso ukipinda upande mmoja, mkono mmoja ukishindwa kuinuka, au maneno yakikwama, hicho ni kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo. Andikeni saa ya mwisho alipoonekana mzima, kwa maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na kabla yake lazima kichwa kipigwe picha. Dalili zikipotea baada ya dakika 10, bado aende.

Kuhusu dawa, mara moja kila miezi 3 mwombeni azitandaze zote mezani: za hospitali, za dukani, za mitishamba, na zile alizopewa na jirani. Andikeni jina la dawa yenyewe lililo kwenye pakiti, si la kibiashara tu, kipimo, saa, na ya nini. Mtashangaa dawa moja ikimezwa mara mbili kwa majina mawili ya kibiashara. Tazameni hasa dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Zikichanganywa na dawa za presha na za kukojoza huumiza figo. Orodha hiyo nendeni nayo kwa mfamasia au daktari. Kazi yenu iishie hapo; msitupe kidonge hata kimoja.

Mkiongea na asiyesikia vizuri, msipige kelele. Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba, na kelele huifanya sauti kuwa nyembamba zaidi. Zimeni redio, kaeni mbele yake penye mwanga, teremsheni sauti, semeni polepole. Asipoelewa, badilisheni maneno.

Fedha: msijue namba yake ya siri, hata akiwasihi. Mkitumwa, nendeni wawili, leteni risiti na chenji, aandikiwe daftarini mbele yake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu 1 kati ya 6 waliofika miaka 60 hufanyiwa ubaya wa namna fulani ndani ya mwaka, na mara nyingi mtendaji ni mtu wa karibu. Mkiona michubuko isiyoelezeka, pesa zinazoyeyuka, au mzee anayenyamaza mtu fulani akiingia, msigombane na yeyote pale. Mpeni nafasi ya kuongea faragha, mratibu aarifiwe siku hiyo, na suala liende kwa ustawi wa jamii.

Msimsahau anayemlea. Binti au mke anayegeuza mgonjwa kitandani usiku na mchana kuzuia vidonda vya kulalia naye anakwisha. Muulizeni ni saa ngapi angependa kutoka, mkae nyumbani kwa muda wa saa 2 kamili, na mrudishe zamu kwa wakati mliosema. Kwake, hizo saa 2 za uhakika kila wiki zina thamani kuliko zawadi zote za sikukuu.

Na siku mmoja wenu akihama au akichoka, asikatike ghafla. Amwambie mzee mwenyewe, wiki 3 kabla. Wiki ya kwanza aje na mrithi wake na amtambulishe. Wiki ya pili mrithi aongoze mazungumzo, wa zamani akae kiti cha pembeni. Wiki ya tatu amkabidhi daftari mbele ya mzee, aage. Jumanne inayofuata, saa 10 jioni, mpya abishe hodi peke yake.

Mzee wenu