Waya wa "fleksibo": tuandikiwe nyuzi ni ngapi

Mhariri,

Mtu anatafuta waya wa kipimio cha umeme, au wa mashine inayokunjakunja waya kutwa nzima, naye anapewa wowote ulioandikwa "fleksibo", yaani unaokunjika kwa urahisi. Neno hilo peke yake halimwambii mnunuzi kitu. La kuuliza ni nyuzi: ziko ngapi, na uzi mmoja una unene gani.

Tuchukue waya wa moja na nusu, yaani milimita 1.5 za mraba. Katika IEC 60228, kiwango cha kimataifa cha nyaya za umeme, daraja la 1 ni uzi mmoja mnene, ule wa ukutani. Daraja la 5 huwa na nyuzi kama 30 za milimita 0.25; daraja la 6 huwa na kama 84 za 0.15. Waya wa silikoni wa vipimio unapita hapo: milimita 1 ya mraba inaweza kuwa na nyuzi 512 za 0.05, na ukiushika unalala kiganjani kama uzi wa sufi. Uzi ukikunjwa, upande wake wa nje huvutwa. Kwa mkunjo uleule, uzi wenye nusu ya unene huvutwa nusu tu, ndiyo maana haukatiki upesi.

Muuzaji asipojua (na wengi hawajui), menya ncha uhesabu nyuzi. Zungusha uzi mmoja kwenye sindano mara 20, mizunguko ikigusana. Ikichukua milimita 4, uzi ni 0.2. Zidisha unene kwa unene, kwa 0.785, kisha kwa idadi ya nyuzi, upate milimita za mraba. Nyuzi 24 za 0.2 ni 0.75 tu, ukiuziwa kama moja na nusu, umepata nusu ya shaba uliyolipia. Kwangua pia kwa wembe. Wekundu ukitoka ukabaki weupe, hiyo ni alumini iliyovikwa shaba, iache. Nje weupe, ndani wekundu: shaba iliyopakwa bati, haina neno.

Ganda nalo lina kauli yake. Nyuzi laini ndani ya plastiki ngumu bado ni waya mgumu. Silikoni hubaki laini hata kwenye baridi na huhimili joto la sentigredi 180, ila ikiguswa na ukingo mkali wa chuma huchanika.

Kosa kubwa liko kwenye kuunga. Ncha iliyolowekwa risasi ya kuchomelea haifai kubanwa kwa skrubu: risasi hubonyea taratibu chini ya mgandamizo, kiungo hulegea na kupata moto. Hapo tumia feruli (kimrija cha chuma kinachovikwa ncha ya waya) ya saizi ya waya, ibanwe kwa koleo lake. Penye kuchomelea, usikawie. Nyuzi nyembamba hunywa risasi hadi chini ya ganda, na waya hukatikia pale ugumu unapoishia. Vika mrija unaosinyaa kwa joto, upite kiungo kwa sentimita 2 hivi.

Waagizaji waandike kwenye ganda "84 × 0.15". Wino wake si mwingi kuliko wa "fleksibo".

Fundi wa elektroniki