Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kufungua saluni Novemba

Mdogo wangu mpendwa,

Mama mdogo ameniambia kwamba umemaliza chuo, cheti umekipata, na baba yako amekubali kukulipia fremu karibu na soko la Mbuyuni ili ifikapo Novemba uwe umefungua saluni yako na kuwahi wateja wa Krismasi. Nimefurahi sana, na hongera yako utaipata mkononi tutakapoonana. Nina neno moja tu kuhusu mwezi uliouchagua, nami naliandika hadharani kwa sababu wasichana wengine waliojifunzia kazi kwangu wamekuwa wakiniuliza jambo hilohilo.

Usifungue Novemba.

Wewe ni mzaliwa wa Moshi, hivyo Desemba yetu huna haja ya kuelezwa. Mabasi ya Dar es Salaam yanashusha watu stendi usiku na mchana, watu wanapanda Rombo, Marangu, Machame na Kibosho, huku sendofu, harusi na sherehe za kipaimara zikigongana Jumamosi moja, na hakuna mwanamke anayetaka kufika kwa mama mkwe kichwa kikiwa hakijatengenezwa. Katika wiki hizo hata msusi mwenye mkono mzito hukosa nafasi ya kula. Mimi nilifungua Novemba, na Desemba ile daftari langu liliandika shilingi 1,640,000. Niliitazama hesabu hiyo nikaamini kwamba ndicho kipato cha saluni yangu, nikaajiri wasichana wawili na kukopa kwenye kikoba fedha ya kununua draya ya pili.

Januari wageni waliteremka kurudi mjini kwao, na waliobaki walikuwa na sare na madaftari ya watoto ya kununua. Ikafuata Kwaresima, ambapo makanisa yetu, ya Kikatoliki na ya Kilutheri, kwa kawaida hupunguza sana ndoa, na pasipo ndoa hakuna sendofu, wala bibi harusi anayekuja na wasimamizi na mashangazi wote nyuma yake. Kisha masika yakaanza, na sijui mwanamke atakayelipa kuseti nywele ambazo zitalowana kabla hajafika Pasua. (Wanafunzi usiwahesabu, kwa sababu shule nyingi huwataka wanyoe, hao ni wa kinyozi.) Februari niliingiza 310,000. Kodi ya fremu ilikuwa 150,000 kwa mwezi, nayo nilikuwa nimeilipa miezi sita mbele kama mwenye nyumba alivyotaka, kwa hiyo hata kuhama nisingeweza. Wale wasichana niliwaachisha kazi mwezi wa Machi, na mmoja wao hadi leo tukikutana njiani hunisalimia kwa mbali.

Hasara ya fedha niliilipa. Lipo jambo jingine la Desemba ile ambalo sijawahi kumsimulia mama mdogo. Jumamosi moja kabla ya Krismasi nilimpokea msichana aliyetaka kuwekwa dawa ya kulainisha nywele. Alikuwa amefumua rasta asubuhi ileile na kujikuna kwa kitana, nami niliiona ngozi ilivyokuwa nyekundu. Chuoni tulifundishwa, kama mlivyofundishwa ninyi, kwamba dawa ni alkali kali inayovunja viungo vya ndani ya unywele ili ulainike, kwamba haichagui kati ya unywele na ngozi, na kwamba kichwa kilichokwaruzwa huachwa siku kadhaa kipone kwanza. Nilijua yote hayo, lakini benchi lilikuwa limejaa watu, nikampaka mafuta mazito pembezoni na nikaanza. Aliposema kwamba inaunguza nilimpeleka kwenye sinki, nikafungua bomba, bomba likakoroma na kunyamaza. Sikuwa na ndoo hata moja ya akiba. Nilikimbia kwa mama ntilie wa jirani, naye akanipa maji yake ya kuoshea vyombo pamoja na dumu lililokuwa nusu, na dakika zile zilitosha kumtoa yule msichana nywele nyuma ya sikio la kushoto, mahali pa upana wa kifuniko cha soda. Siku tatu baadaye alikuwa msimamizi wa dada yake. Nililipia matibabu, nikaenda kwao kuomba radhi nikiwa na shangazi, na upande ule wa mtaa sikupata tena mteja. Kichwa cha sanamu cha chuoni hakipigi kelele, mdogo wangu, na haraka ya Desemba haimpi mgeni wa kazi nafasi ya kusikia.

Kwa hiyo ninakuomba uje ukae kwangu Majengo kuanzia Novemba hiyo hiyo. Utakuwa na kiti chako, na kila kichwa utakachokishughulikia tutagawana nusu kwa nusu, kama nilivyogawana mimi na mama aliyenipokea baada ya saluni ile kufungwa. Pitia Desemba ukiwa na mtu wa kukushika mkono, kisha, na hapa ndipo ninaposisitiza, ubaki Januari, Februari na Machi, uone siku inayopita kwa kuritachi kichwa kimoja, yaani kupaka dawa nywele mpya zilizoota, na kusuka mabutu ya mtoto. Andika namba za simu za wateja wako. Masika yakiisha, fungua Juni, ili Desemba ikukute una miezi sita ya kujuana na mtaa na pipa la maji lililojaa.

Makaratasi yasikuogopeshe. TIN, yaani namba ya mlipa kodi, hutolewa bure, na leseni ya biashara utaiomba manispaa. Fedha ya baba yako ikipungua, kumbuka kwamba sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ila kwa wanawake na vijana hutolewa kwa vikundi, na kikundi chenye watu wa kuaminiana huchukua muda kukipata.

Daftari langu la mwaka ule nimempa mama mdogo akuletee Jumapili baada ya ibada. Ukurasa wa Februari nimeukunja pembe. Usome kabla baba yako hajampelekea mwenye fremu fedha yake.

Dada yako,
Majengo, Moshi