Nimlipie mdogo wangu ada yote ya kesi, au alipe kwa awamu?

Mshauri wetu, salaam.

Mimi ni Mtanzania, naishi Houston. Mdogo wangu wa kiume anatumikia kifungo katika gereza moja la jimbo hapa Texas. Alivunjika mkono akiwa kazini jikoni, akaachwa na maumivu muda mrefu bila kupigwa eksirei, mfupa ukaunga vibaya. Wakili hana. Alipitia ngazi zote mbili za malalamiko mle gerezani, kila moja na kikomo chake cha siku 15, maana bila hizo mahakama haikusikilizi. Ndipo akaandika hati ya madai kwa mkono, herufi kubwa kubwa. Nakala ya pili aliandika upya mstari kwa mstari, kwa mkono ule ule usiokunjika vizuri, akaipeleka mahakama ya shirikisho.

Sasa mahakama imemjibu: ndani ya siku 30 alipe ada, dola 405, au alete ombi la kulipa kwa awamu pamoja na taarifa ya miezi 6 ya akaunti yake ya pesa mle gerezani, iliyothibitishwa na gereza. La sivyo kesi inafutwa. Ofisi ya akaunti ameiandikia, kimya. Kinachoninyima usingizi ni kwamba kwa Texas kesi ya aina hii hufunguliwa ndani ya miaka 2, na miaka yenyewe iko ukingoni. Ikifutwa leo, akifungua upya anaweza kuambiwa amechelewa.

Kaka yetu mkubwa anasema tuchange, tulipe zote, tumalizane nao. Mimi nasita. Kwa sheria ya Marekani ya 1996 kuhusu kesi za wafungwa, mfungwa asiye na uwezo hulipa dola 350 kwa awamu, badala ya zile 405. Wanaanza na asilimia 20 ya wastani wa pesa zinazoingia kwake kwa mwezi, au ya wastani wa salio kama ndio mkubwa, kisha wanaendelea kukata asilimia 20 ya pesa zinazoingia kila mwezi mpaka deni liishe, hata kama kesi ilishatupwa. Mimi humtumia dola 100 kwa mwezi. Zikitoka 20, ni zaidi ya mwaka mzima, na hizo ni sabuni, stempu, karatasi na tambi za duka la gereza. Akishindwa akakata rufaa, ada yake ni dola 605, nayo inakatwa asilimia 20 nyingine sambamba na ile ya kwanza. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 2016. Katika mia yangu zinaondoka 40.

Hata hivyo awamu zina jambo moja ambalo kaka halioni. Akikubaliwa, maofisa wa serikali ndio wanaowapelekea wadaiwa hati za kesi. Tukilipa zote, mzigo huo ni wake, na una siku 90. Mtu aliye ndani atampataje ofisa wa gereza anayemdai, aliyeshahamishwa kituo? Tena hata ukilipa kamili, jaji anaisoma kesi kwanza na anaweza kuitupa kabla wadaiwa hawajaitwa. Pesa hairudi.

Nisaidie haya. Taarifa ya akaunti isipotoka kwa wakati, aombe kuongezewa muda kwa maneno gani, na aambatishe nini kuonyesha kwamba aliiomba? Najua tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1988 karatasi ya rufaa ya mfungwa asiye na wakili huhesabiwa kuwa imefika siku anapomkabidhi ofisa wa gereza. Na ombi hili la kuongezewa muda je? Siwezi kumsainia kwa kuwa mimi si wakili, lakini nikimpigia karani wa mahakama kueleza kwamba gereza ndilo linalochelewesha, nitamsaidia au nitamharibia?

Na kaka ananishauri nisimtumie chochote kwa sasa ili makato yawe madogo. Roho yangu inakataa. Kule ndani, stempu ndiyo sauti yake pekee.

Naomba unijibu mapema, siku 30 zimeshaanza kuhesabiwa.

Dada mtu,
Houston