Barua moja, wasomaji watatu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako umenifikia. Unasema wewe na mwenzako mlipewa habari moja muifupishe, kila mmoja akaja na lake, mkabishana hadi usiku. Unaniuliza nani kati yenu hajui kusoma. Nimekaa na swali hilo siku mbili, maana limenirudisha kwenye barua ya babu yako.

Nilikuwa na umri kama wako. Baba aliugua, nasi watoto wake watatu tulikuwa tukiishi pamoja, mbali naye. Katikati ya barua aliandika: "Nimepata nafuu kidogo. Mkiweza njooni mnione, lakini msiache kazi zenu." Mjomba wako alisoma, akaikunja karatasi, akasema, "Baba amepona." Mama yako mkubwa akasema, "Baba anatuita." Mimi nikasema baba hataki tuharibu kazi. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja angeweza kuweka kidole juu ya neno lake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kaka aliogopa kusikia habari za kifo, dada alikuwa na hamu ya kumwona baba, nami nilikuwa na wiki mbili tu kazini.

Dada alisafiri. Mimi nilifika baba ameshazikwa.

Tangu hapo nayaogopa maneno tunayoyaacha. Katika barua ile tulianza kulitupa "kidogo", likafuata "mkiweza", kisha "lakini". Ni maneno madogo, na mtu anayefupisha huyaona kama makapi. Daktari akiandika kwamba dawa fulani huenda ikawasaidia baadhi ya wagonjwa, utamsikia msomaji akisimulia kwamba dawa hiyo inaponya. Hapo usikubali kuambiwa kila mtu na mtazamo wake. Hilo ni kosa, na mgonjwa ndiye atakayelilipia.

Mengine si makosa. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Marekani, James Pichert na Richard Anderson, walichapisha jaribio ninalolipenda sana. Waliwapa watu kisa cha wavulana wawili waliotoroka shule wakaenda nyumbani kwa mmoja wao. Baadhi ya wasomaji waliambiwa wakisome kama mtu anayetaka kuinunua nyumba ile, wengine kama mwizi. Mnunuzi huliona paa linalovuja. Mwizi huziona sarafu za thamani. Kisa ni kile kile, hakuna nukta iliyobadilika. Mwaka uliofuata wakaongeza jambo: msomaji alipokwisha kueleza anayoyakumbuka, aliambiwa ahame upande, mwizi awe mnunuzi, kisha aeleze tena. Watu wakataja mambo ambayo mara ya kwanza hawakuyataja kabisa, bila kukisoma kisa upya. Yalikuwemo vichwani mwao muda wote, ila hakuna aliyeyauliza.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mwenzako hajui kusoma, mwombe akuonyeshe mstari uliompa alichoandika. Akikosa mstari, basi ameleta la kwake. Akiuonyesha, usome ukiwa upande wake, kama yule mwizi aliyegeuzwa mnunuzi. Nina hakika utaona kitu ulichokipita. Naye akuulize hivyo hivyo, wala usikasirike. Laiti siku ile mmoja wetu angesema tu, "Hebu nisomee tena hapo."

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea nakala ya barua ya babu. Nilizokunukulia ni sentensi mbili tu. Zimebaki tisa ambazo sijakwambia zinasema nini wala mimi nazielewaje. Isome, uifupishe kwa sentensi moja, kisha mpe mwenzako aandike yake bila kuiona ya kwako. Nitumieni zote mbili.

Mama yako