Barua kwa shoga yangu mfamasia

Temeke, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Habari za Mbeya na baridi yenu? Huku tunachemka tu. Najua nilikuahidi simu Jumatano na sikupiga, usininunie. Nilikuwa mafunzoni siku tano, jioni nikirudi nadondoka kitandani na viatu. Leo nimekaa nikuandikie, maana jambo lenyewe linakuhusu wewe kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Yalikuwa mafunzo ya kuwahudumia waraibu wa heroini. Nilienda nimenuna. Tangu Muhimbili waanze kutoa methadoni, ile dawa wanayokunywa waraibu kila siku badala ya heroini, mwaka 2011 nimeshaitwa semina mpaka basi: wauguzi peke yetu, madaktari siku yao, ustawi wa jamii ukumbi mwingine. Safari hii walituchanganya. Meza yetu ilikuwa na daktari, mimi, mfamasia, binti wa ustawi wa jamii, na mwelimishaji rika ambaye mwenyewe aliwahi kuwa teja.

Siku ya pili wakatuletea faili la mgonjwa, kila mtu akapewa karatasi ya fani yake tu, marufuku kuchungulia ya mwenzio. Yangu ilisema: kijana anakunywa miligramu 80, ametulia miezi mitatu, lakini wiki hizi mbili anafika dirishani alfajiri anatetemeka, makamasi yanamchuruzika, anaomba aongezewe. Nikaandika upesi: "Anatafuta kulewa. Apewe ushauri." Binti wa ustawi akaandika habari za ugomvi nyumbani. Daktari alikuwa na majibu ya makohozi: TB ipo, dawa ameanzishwa. Mfamasia, mzee mmoja mkimya, hakuandika kitu. Akauliza tu, "Rifampicini ameanza lini?"

Najua umeshacheka. Sisi wengine ndiyo kwanza tulikuwa tunatazamana. Akatueleza kwamba rifampicini, mojawapo ya dawa za TB, hulichochea ini likaimaliza methadoni kabla siku haijaisha. Kwenye kikombe dozi ni ile ile, mwilini haikai. Kumbe yule kijana alikuwa na arosto ya kweli, yale mateso ya mwili uliopungukiwa na dawa, na tumempa sisi wenyewe, pamoja na vidonge vya kumtibu kifua. Halafu akaongeza lililonitisha zaidi: ukimpandishia dozi, siku dawa za TB zikimalizika baada ya miezi sita usiiache dozi huko huko juu. Ini likishatulia, kiasi kilichokuwa kinamtosha kinaweza kumkata pumzi usingizini.

Nilikosa la kusema, shoga. Mwaka juzi, kituo kile nilichokuwa kabla ya hapa, kulikuwa na kijana mvaa kofia ya Yanga, hata wakifungwa haivui. Kadi yake ya TB ilikuwa inachomoza mfuko wa shati, naiona kila asubuhi nikimpa kikombe. Akaanza kulalamika. Siku nne mfululizo aliomba, siku nne nikamwambia avumilie, na kwenye daftari nikaandika maneno yale yale. Ya tano hakuja. Nikasikia karudi kijiweni, basi. Hakuna aliyenificha kitu. Kadi ilikuwa mbele ya macho yangu. Ila ya TB ilikuwa chumba kingine, na mimi chumba hicho si changu.

(Mlinzi wetu wa getini hakualikwa mafunzoni, na ndiye anayejua nani kaingia anasinzia na nani kaingia anatetemeka. Nimemwambia mkuu wangu. Amecheka, lakini sijamaliza naye.)

Sasa tumekubaliana hapa kwetu: mtu akiomba kuongezewa, kabla ya kuandika neno lolote naulizia dawa zote anazomeza, za TB na za HIV, kisha nampigia mfamasia. Ni dakika tano tu.

Na wewe je? Mtu akija dirishani kwako kuchukua rifampicini, unamuuliza kama anakunywa methadoni? Nijibu kweli, wala usinijibu kifamasia.

Mama anakusalimu, anauliza mchele wa Kyela utakuja lini.

Ni mimi, mwenzio wa kitanda cha juu