Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Nafuu za Sola na Namna ya Kuzipata

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, Assalamu alaikum, na salamu za heri kwenu nyote.

Hesabu zilizokaguliwa atazisoma mweka hazina, na mambo ya maji na taka yamo katika ripoti ya katibu, kwa hivyo sitayarudia. Mimi nitashika jambo moja lililojaza mikutano yetu mwaka mzima: sola, nyumbani na kazini, na hasa pesa zake. Swali lililoulizwa zaidi ni hili: serikali inampa nini anayefunga sola? Kwa sisi wa mjini ambao tayari tuna stima, hakuna anayekuja kutukabidhi hela mkononi. Nafuu iliyopo imejificha ndani ya ushuru, ndani ya bili na ndani ya mikopo, na humfikia anayejua kuidai. Ndiyo sababu kamati ilitumia muda mwingi kuifuatilia.

Nianze na VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani. Sheria ya Kenya inasamehe vifaa maalumu vya kuzalisha umeme wa jua, na inavitaja: paneli, vidhibiti chaji, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) na betri za kuhifadhi nguvu za jua. Msamaha hupitia pendekezo la Waziri wa Kawi, kwa hivyo anayeushughulikia ni mwagizaji wa mzigo, si wewe unayenunua paneli mbili dukani. Lakini bei unayotajiwa inapaswa kuonyesha kwamba msamaha upo. Mwaka huu mama mmoja mwanachama, muuza samaki, alileta ofisini karatasi ya makadirio aliyopewa na muuzaji. Paneli, inveta, betri, nyaya, vyuma vya kushikilia na kazi ya fundi vilikuwa vimejumlishwa pamoja, na chini kabisa pakaongezwa asilimia 16 juu ya vyote. Kamati ilimshauri arudi aombe kila kifaa kiandikwe mstari wake na ushuru wake. Karatasi ya pili ilikuja na jumla ndogo kuliko ya kwanza. Fanyeni hesabu wenyewe: vifaa vilivyosamehewa vikiwa vya shilingi 200,000, hiyo asilimia 16 ni shilingi 32,000, pesa ya kununulia vifaa vingine vya maana.

Msamaha huu si wa kudumu, na mwanachama anayepanga kununua ajue hivyo. Sheria ya VAT ya 2013 ilivirudisha vifaa vya sola kwenye ushuru, na mwaka 2014 vikasamehewa tena. Sheria ya Fedha ya 2020 ikauondoa msamaha, ile ya 2021 ikaurejesha. Mwaka 2023 betri za sola na za lithiamu ziliwekwa kwenye kiwango cha sifuri, yaani VAT ya asilimia 0. Kwa hivyo kila mwaka, mswada wa fedha unapofika bungeni, bei ya sola nayo iko mezani. Bunge hukaribisha maoni ya wananchi wakati huo, na naamini chama cha wakazi na wafanyabiashara kama chetu kina haki na wajibu wa kuwasilisha maoni yake kwa maandishi.

Nafuu ya pili imo kwenye bili. Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango kwa mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuingia mkataba wa kurudisha stima ya ziada kwenye laini ya umeme ya kawaida, na kanuni zake zikatoka mwaka 2024. Unafungiwa mita inayohesabu pande mbili, inayoingia na inayotoka. Hapa wengi wamepotoshwa na matangazo, kwa hivyo nieleze polepole. Unachorudisha hakilipwi pesa taslimu. Kinaandikwa kama akiba ya yuniti kwenye akaunti yako, tena kwa nusu: ukirudisha yuniti 100, unahesabiwa 50. Naelewa hoja kwamba nguzo, nyaya na transfoma zina gharama na lazima zitunzwe. Hata hivyo nusu ni kidogo mno kwa mtu mdogo aliyekopa ili afunge paneli, na ningependa chama kiliseme hilo waziwazi.

Maana yake ni kwamba sola inayolipa ni ile unayoitumia papo hapo, jua likiwa juu. Yuniti unayoitumia mwenyewe mchana inakuokolea bei kamili ya yuniti, pamoja na tozo na VAT vinavyopanda juu yake; unayoirudisha inakuokolea nusu. Hapo ndipo kazini panapoishinda nyumba. Duka lenye friza za samaki na vinywaji, kinyozi, fundi cherehani, mashine ya kusaga, hawa wote wanakula stima saa zile zile ambazo paneli zinazalisha, na wanaweza kuanza bila betri kubwa. Nyumba ambayo watu wanatoka asubuhi na kurudi magharibi inahitaji betri, na betri ndiyo kifaa ghali kinachochoka mapema. Aliye na pato la kutosha kufunga sehemu moja tu, ushauri wangu ni aanze na biashara.

Jambo jingine linalowashangaza watu: inveta iliyofungwa kwenye laini bila betri hujizima stima ikipotea, hata kama jua linawaka. Ni kinga kwa mafundi wanaotengeneza nyaya huko nje. Asiambiwe mtu kwamba sola ya namna hiyo itamwashia taa wakati stima imepotea.

Kuhusu mafundi, kanuni za 2012 zinataka fundi wa sola awe na leseni, ambayo sasa hutolewa na EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na mafuta, kwa madaraja ya T1, T2 na T3. Uliza leseni kabla ya kulipa amana. Kwetu pwani kuna sababu zaidi. Chumvi ya bahari hula boliti za kawaida mpaka zikakatika, kwa hivyo vyuma viwe visivyoshika kutu. Paa la makuti halifai kubebeshwa paneli, kwa uzito na kwa hatari ya moto. Mwenye makuti asimamishe fremu uwanjani.

Sasa mikopo. Lipa mdogo mdogo imewasha taa nyingi vijijini na siidharau, ila jumlisha malipo yote mpaka siku ya mwisho, kisha ulinganishe na bei ya taslimu. Kwa mtambo mkubwa kidogo, mkopo wa Sacco unaotozwa riba juu ya salio linalopungua mara nyingi ni mwepesi zaidi. Kwa wanachama wasiochukua riba, ipo murabaha: benki inanunua vifaa, inakuuzia kwa bei na faida inayojulikana tangu mwanzo, nawe unalipa kwa awamu. Fedha za masharti nafuu pia zipo kwa taasisi. Chuo Kikuu cha Strathmore kilifunga kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014 kwa mkopo wa namna hiyo uliotoka shirika la maendeleo la Ufaransa, AFD, kupitia Co-operative Bank. Sisi si chuo kikuu, lakini tukienda benki kama kundi lenye bili na rekodi safi, tunasikilizwa tofauti na mtu mmoja mmoja.

Kamati inaomba idhini yenu kwa mambo mawili. La kwanza, tununue kwa pamoja, muuzaji mmoja atoe bei iliyochanganuliwa kifaa kwa kifaa, kwa wote watakaojiandikisha. La pili, tuandike maoni yetu kuhusu VAT na hiyo nusu ya yuniti kabla mswada ujao wa fedha haujafika mbali. Anayetaka kujiandikisha alete bili za stima au rekodi za tokeni za miezi 12 iliyopita, picha ya paa lake, na orodha ya vyombo anavyovitumia mchana. Fomu ziko kwa katibu, na zitapokelewa hadi mwisho wa mwezi huu.