Steringi alianza lini kuwa Mturuki?

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imefika, na swali lako nimelisoma mara mbili. Unataka kuwaonyesha wanakikundi wako filamu za kihistoria za Uturuki, kisha mjadili utaifa uliomo ndani yake, na unauliza uanzie wapi. Usianzie na tamthilia ya Sultan, hata kama kila mtu hapo anaijua kwa sauti za Kiswahili za Azam. Hiyo iache ije baadaye. Anza na neno.

Pale tunaposema taifa, Waturuki husema millet. Ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi mila. Chini ya Waosmani, ukoo wa masultani waliotawala kabla ya jamhuri, lilikuwa na maana ya jumuiya ya dini: millet ya Waorthodoksi, ya Waarmenia, ya Wayahudi. Taifa letu nalo lina asili ya Kiarabu, na kwa Kituruki limeishia kuwa tayfa, mabaharia wa chombo kimoja. Jamhuri ilipotangazwa mwaka 1923 neno millet lilibaki likapewa maana mpya, lakini harufu ya dini haikutoka. Waliotaka kuikimbia harufu hiyo wakalishika ulus, neno lisilo la Kiarabu. Ndiyo maana miaka ya 1960 na 1970 kulikuwa na kambi mbili za waongozaji filamu zinazogombana: Halit Refiğ akitetea ulusal sinema, iliyotafuta mizizi yake katika historia ya jamii ya nchi ile badala ya kuiga Ulaya, na Yücel Çakmaklı akitetea millî sinema, ambayo moyo wake ni Uislamu. Ukizitafsiri zote mbili "sinema ya taifa", umeufuta ugomvi wenyewe. Waandikie ubaoni maneno hayo mawili kabla taa hazijazimwa.

Filamu ya kwanza ningechagua Battal Gazi Destanı ya 1971. Steringi wake ni Cüneyt Arkın, mtu aliyesomea udaktari kisha akajifunza sarakasi, na anaporuka ukuta mzima kwa mruko mmoja utaona elimu ipi ilimfaa zaidi. Anapigana na Warumi wa Bizanti, yaani Wakristo wa dola la Kigiriki lililotawala kutoka Konstantinopoli, Istanbul ya leo, anateswa, anatoroka, anawafyeka kumi kumi. Watu watacheka, na waache wacheke. Kisha waulize: huyu Battal ni nani? Battal wa historia alikuwa mpiganaji wa Banu Umayya, watawala Waarabu, aliyeuawa mpakani Anatolia mwaka 740. Waturuki waliingia Anatolia kwa wingi baada ya vita vya Malazgirt mwaka 1071. Baina ya miaka hiyo miwili kuna zaidi ya karne tatu, na hekaya ndiyo iliyozivuka: kwanza Waturuki walimpokea kama ghazi, mpigania dini, Mwislamu mwenzao, wakalienzi kaburi lake kule Seyitgazi, halafu karne ya 20 ikampa uraia.  Filamu inachofanya ni kumwacha aongee Kituruki cha Istanbul, apigane kama Mturuki na kupendwa kama Mturuki, na mtazamaji anajazia yaliyobaki.

Hapo wenye kujua tenzi watakusaidia. Utenzi wa Tambuka, ule wa mwaka 1728 uitwao pia Chuo cha Herekali, una adui huyo huyo, Kaisari wa Rumi, na mapanga yale yale. Ila katika utenzi upande wetu ni Waislamu, basi. Hakuna taifa. Wakilinganisha hivyo viwili wataona ni kitu gani kilichoongezwa, na kimeongezwa wapi.

Ni muhimu pia wajue filamu hizo zilivyotengenezwa, maana mengi wanayoyadhania kuwa itikadi ni haraka na ukata. Yeşilçam ni jina la mtaa wa Beyoğlu, Istanbul, zilipokuwa ofisi za watengenezaji, na miaka ya mwisho ya 1960 zilikuwa zinatoka filamu zaidi ya 200 kwa mwaka. Picha zilichukuliwa bila sauti, maneno yakaingizwa studio na watu wengine kabisa, muziki ukachotwa kwenye sahani za santuri za kigeni. Ngome hazikujengwa, zilitumika zilizopo. Rumeli Hisarı, ngome aliyoijenga Sultani Mehmed wa Pili mwaka 1452 ili aubane mji wa Bizanti, iliweza kuigiza ngome ya Bizanti yenyewe.

Mashujaa walitoka kwenye hadithi za picha za magazeti: Karaoğlan, Tarkan, Malkoçoğlu, Kara Murat. Usiwachanganye. Tarkan ni mpiganaji wa Wahun wa Attila, anatembea na mbwa mwitu, na mbwa mwitu ndiye mnyama wa ngano za asili ya Waturuki. Babu huyo ni wa Asia ya Kati, wa kabla ya Uislamu. Malkoçoğlu na Kara Murat ni watu wa Waosmani. Wote wanauana na maadui wa kigeni, lakini wanajibu tofauti swali la sisi tumetoka wapi. Angalia vilevile binti mfalme. Karibu kila mara binti wa upande wa pili anampenda steringi, na mara nyingi anaacha dini ya baba yake. Binti wa upande wa steringi kumpenda Mrumi na kuhamia kwake, hiyo utaitafuta sana. Ukitaka kujua mpaka wa taifa umechorwa wapi, fuata arusi. Vita vitakupotezea muda.

Sasa tazama mwaka wa kutengenezwa. Mgogoro wa Kupro, kati ya Wagiriki na Waturuki, ulilipuka mwishoni mwa 1963, mwaka uliofuata maelfu ya raia wa Ugiriki wakafukuzwa Istanbul, na mwaka 1974 majeshi ya Uturuki yakatua kisiwani. Mtu aliyekata tiketi mjini Istanbul miaka hiyo hakuhitaji kuelezwa Mrumi wa kwenye pazia ni nani.

Serikali nayo ilikuwa chumbani tangu mwanzo. Kanuni ya 1939 ilitaka muswada upitishwe na tume kabla kamera haijawashwa, na filamu ikaguliwe tena ikiisha. Miongoni mwa makosa: kulidhalilisha jeshi, kuiudhi nchi rafiki, kueneza dini. Metin Erksan alipotengeneza filamu yake ya kwanza, kuhusu mshairi Âşık Veysel, tume ililalamikia ngano ya shambani kuwa fupi na dhaifu mno, kana kwamba shamba linaitukana nchi. Lakini kisa kizito zaidi ni cha Yorgun Savaşçı, tamthilia ya Refiğ kuhusu miaka ya vita vya uhuru, iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya taifa. Mwaka 1983, chini ya utawala wa kijeshi, ilichomwa moto. Miaka kumi baadaye ilionyeshwa kutoka kwenye nakala iliyosalimika. Mtu aliyekuwa akitetea sinema ya taifa, kazi yake ikachomwa kwa jina la taifa.

Filamu ya pili iwe Fetih 1453, ya mwaka 2012, kuhusu Mehmed wa Pili kuuteka mji wa Konstantinopoli. Iligharimu kama dola milioni 17, ikatazamwa na watu zaidi ya milioni 6, na siku ya kutoka maonyesho ya kwanza yalianza saa 14:53, utani mzito wa tarakimu. Usiionyeshe yote, ni ndefu mno. Chukua vipande viwili. Kipande cha kwanza ni mwanzo: hatuko Istanbul, tuko Madina, na Hadithi ya kutekwa kwa Konstantinopoli inasomwa. Kwa hiyo yule babu wa mbwa mwitu hapa hana kazi. Nasaba inapita kwa Mtume. Kipande cha pili ni mwisho: Mehmed anaingia Ayasofya, kanisa kuu la mji, watu wamejikunyata kwa hofu, anawaambia wako salama, anambeba mtoto. Kilichoondolewa ni uporaji ulioruhusiwa mji ulipoanguka Mei 29, kwa desturi ya vita ya zama zile. Tena mwaka 2012 Ayasofya ilikuwa bado makumbusho. Iligeuzwa tena msikiti Julai 2020.

Katikati kuna Kaisari Konstantino wa karamu na anasa. Yule wa kweli alikuwa amefilisika: aliyeyusha vyombo vya fedha vya makanisa apate kulipa askari, na walinzi wake walikuwa kama 7,000. Lakini adui fukara hampi steringi sifa. Naye Ulubatlı Hasan, shujaa anayekufa akisimika bendera ukutani, hatajwi na waandishi wa Kiosmani wa wakati ule. Kisa chake kinatoka kwenye kitabu cha historia cha Kigiriki kilichorefushwa karne ya 16.

Tamthilia nitazipitia haraka. Novemba 2012 Erdoğan, akiwa waziri mkuu, aliishambulia Muhteşem Yüzyıl, yaani Sultan yenu, akidai Sultani Süleyman halisi alikaa miaka 30 juu ya farasi, si ndani ya jumba la wanawake. Miaka miwili baadaye TRT, televisheni ya taifa, ikaanza Diriliş: Ertuğrul, ambayo farasi wamejaa tele. Huyo Ertuğrul tunamjua kidogo mno: jina lake lipo kwenye sarafu ya mwanawe Osman, mwasisi wa ukoo wa Waosmani, na masimulizi yaliandikwa vizazi vingi baadaye. Hiyo ni nafasi nzuri kwa mtunzi, hakuna wa kumsahihisha. Ukiitumia, kumbuka vipindi 150 vya asili, kila kimoja kama saa mbili, vilikatwa kuwa 448 kwa ajili ya Netflix, hivyo kilele cha kisa hakiangukii mwisho wa kipindi. Tafuta tukio, usitafute namba ya kipindi.

Nafasi ikibaki, malizieni na Salkım Hanımın Taneleri ya 1999, kuhusu kodi ya mali ya mwaka 1942 iliyowaangukia hasa Wayahudi, Wagiriki na Waarmenia, na walioshindwa kulipa wakapelekwa kambi ya kazi Aşkale. Hapo hakuna Mrumi wa kufyekwa. Anayeburutwa ni jirani mwenye duka.

Tafsiri ya maandishi ya chini iangalie mapema. Zipo zinazoandika "Mturuki" pale mwigizaji aliposema "Mwislamu", na kinyume chake. Palipo na shaka niandikie dakika na sekunde, nitakusikilizia.

Wako,
Mwinyi